Moto mupya ikiongezewa vyuma: garanti inakufa yote ao sehemu tu?

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Bunia mupaka Uvira, moto mupya haibakie vile ilivyo kwa siku mingi. Mara nyingi, hata juma haijaisha, inapita kwa fundi wa kuunga vyuma. Fundi anaiongezea chuma cha kubebea mizigo nyuma, vyuma vya kukinga miguu, springi za kusaidia amortisa, taa kali za mbele, honi kubwa na tundu la kuchaji telefone. Kwa motari, hiyo haiko urembo. Barabara ni mbaya, milima ni mikali, na muteja wa soko anakuja na mifuko mbili ya makala ao bidoni za mawese. Moto vile inatoka katika kartoni ya kiwanda haikutengenezwa juu ya maisha kama hiyo.

Shida inaanza siku moteri inakufa na muda wa garanti ungali haujaisha. Motari anarudisha moto kwa muuzaji. Muuzaji anazunguka moto mara moja, anaangalia vyuma na taa, kisha anatoa jibu: garanti imekwisha, sababu moto imechezewa. Motari anarudi kwake kwa miguu, na hesabu ya kila siku ya mwenye moto inaendelea kumungojea. Kwa jamaa yenye ilikusanya zaidi ya dola elfu moja kwa kuuza ngombe ao kwa kupokea likelemba, jibu hilo linaweza kurudisha nyumba yote nyuma kwa miaka.

Je, muuzaji ana haki ya kujibu hivyo? Mara zingine ndiyo, mara zingine hapana. Yote inategemea maulizo mbili: ni kitu gani kilivunjika, na je, kile kilichoongezwa ndicho kilikivunja? Watu wengi, wauzaji na wanunuzi, wanaona garanti kama yai: likipasuka kidogo, lote linamwangika. Lakini garanti haifanye kazi hivyo. Kila sehemu ya moto ao ya gari inahesabiwa peke yake.

Garanti inaahidi nini

Garanti ya kiwanda ni ahadi yenye imeandikwa. Kiwanda kinasema kwamba, kwa miezi fulani ao kilomita fulani, kile kinachotangulia kufika, kitatengeneza ao kubadilisha bila feza kila kitu chenye kiliharibika juu ya kosa la kiwanda: chuma kibaya, piesi yenye haikufungwa vizuri, moteri yenye ilitoka na ugonjwa wake. Garanti haiko bima. Moto ikianguka katika mutaro, ao ikiibwa, garanti haisemi kitu.

Kuna pia vitu vyenye garanti haigusi hata kama moto haijabadilishwa: ferani, pineu, cheni, ampuli. Hivyo vinaisha kwa kutumiwa, na kiwanda hakihesabu kuisha kama kosa lake.

Kisha kuna masharti. Katika vitabu vingi vya garanti kunaandikwa kwamba moto lazima ipelekwe kwa kubadilisha mafuta ya moteri na kuchunguzwa kwa kilomita zenye zimetajwa, na kila mara kitabu kipigwe muhuri. Kunaandikwa pia kwamba muzigo usipite uzito wenye kiwanda kiliweka. Vitabu vingine vinatenga kabisa, ao vinapunguza, garanti ya moto yenye inafanya kazi ya taksi. Kwa motari, mustari huo mumoja ni mukubwa kuliko maneno yote juu ya taa na vyuma. Lakini ni wachache wenye wanausoma kabla ya kulipa, sababu kitabu kinakuja katika luga ya Kiingereza ao katika Kifaransa cha herufi ndogo sana.

Mwisho, kuna kipimo cha kilomita. Moto zenye kipimo chake kimekufa ni nyingi barabarani. Zingine ziliharibika zenyewe, zingine waya wake ulikatwa kwa kusudi. Moto yenye haihesabu kilomita haiwezi kuonyesha kama ingali ndani ya garanti ao hapana. Hapo muuzaji anapata sababu ya kukataa bila hata kuangalia kile kilichovunjika.

Kile fundi anagusa, na kile hagusi

Kubadilisha moto ni jambo la viwango. Kiti kikifunikwa na ngozi mupya, vioo vya pembeni vikibadilishwa, ao mpira wa kukinga matope ukiongezwa, hakuna njia yenye vitu hivyo vinaweza kuvunja pistoni. Muuzaji mwenye anakataa garanti ya moteri juu ya kiti hana musingi.

Umeme ni jambo lingine. Moto ndogo inatengeneza umeme kidogo tu, wenye unatosha taa zake, honi yake na kuchaji batri yake. Fundi akikata waya na kuunganisha taa mbili kali, honi ya gari na tundu la telefone, waya zinabeba muzigo wenye hazikupangiwa. Zinapata joto, plastiki inayeyuka, na kile kisanduku chenye kinaongoza cheche ya moteri kinaweza kuungua. Hapo kiwanda kiko na haki ya kukataa kulipa umeme. Lakini kama katika moto hiyohiyo jiarboksi ndiyo imevunjika, taa hazina kosa.

Chuma cha kubebea mizigo kiko katikati. Chuma chenyewe hakiharibu moteri. Lakini fundi akikiunga kwa umeme juu ya chasi, joto la kuunga linazoofisha chuma cha kiwanda pale pale. Na kisha kufungwa, chuma hicho kinaita muzigo wa kilo nyingi zaidi. Chasi ikipasuka karibu na pale paliungwa, ni vigumu kwa mwenye moto kusema kwamba ni kosa la kiwanda. Chuma chenye kimefungwa kwa buloni tu, pasipo kuungwa, kinaacha nafasi kubwa zaidi ya kujitetea.

Mabadiliko yenye yanagusa moteri moja kwa moja ndiyo ya hatari kubwa: kutoa filtri ya hewa kusudi moto «ipumue», kutoboa egzosi kusudi ilie, kubadilisha karbireta, ao kuweka pinyo ya meno mengine kusudi moto ipande mulima na muzigo. Vumbi ya barabara zetu ikipita bila filtri, inakula silinda kama musasa. Fundi wa kiwanda akifungua moteri ataona alama za vumbi, na mazungumuzo yataishia hapo.

Marekani na Ulaya walikata namna gani ugomvi huu

Ugomvi kati ya wenye vyombo na viwanda haikuanzia Beni ao Bukavu. Katika Marekani, sheria yenye inaitwa Magnuson-Moss ilitiwa sahihi na Rais Gerald Ford katika Januari 1975. Sheria hiyo inakataza kampuni kusema kwamba garanti itakufa kama mununuzi anatumia piesi ya jina lingine ao anapeleka chombo chake kwa fundi mungine, isipokuwa kama kampuni inatoa piesi hizo ao kazi hiyo bila malipo, ao kama ilipata ruhusa ya pekee. Tume ya serikali ya biashara, FTC, inaeleza kwamba ni muuzaji ao kiwanda ndicho kinapaswa kuonyesha kwamba piesi ya kando ndiyo ilileta uharibifu, kabla ya kukataa garanti. Lakini tume hiyohiyo inasema pia: kama piesi ya kando ilikuwa mbaya, ao ilifungwa vibaya, na ikaharibu kitu kingine, kiwanda hakilazimishwe kulipa uharibifu huo.

Katika Juni 2022, FTC ilichukulia hatua kampuni ya moto Harley-Davidson. Tume ilisema kwamba masharti ya garanti ya kampuni hiyo yalifanya wanunuzi waelewe kwamba watapoteza garanti kama wanatumia piesi ao mafundi wa kando. Kampuni iliombwa kuondoa masharti hayo na kuandika waziwazi kwamba kwenda kwa fundi wa kando ao kutumia piesi za wengine hakuue garanti.

Katika Ulaya, kanuni ya mwaka wa 2010 juu ya biashara ya piesi na matengenezo ya magari, yenye muda wake uliongezwa mupaka mwaka wa 2028, inaenda njia hiyohiyo. Kiwanda hakiwezi kulazimisha mwenye gari afanye kila matengenezo ya kawaida katika garaji zake tu kusudi alinde garanti.

Sheria hizo hazivuke mupaka. Motari wa Butembo hawezi kupeleka sheria ya Marekani mbele ya muuzaji wake. Lakini zinaonyesha kwamba ulizo la kweli haiko «je, moto ilibadilishwa?» Ulizo ni «je, badiliko hilo ndilo lilivunja kitu hiki, na nani anaweza kulihakikisha?»

Congo: sheria iko, lakini inaomba hakikisho

Nyuma ya garanti ya kiwanda kuna ulinzi mwingine wenye watu wengi hawajui. Ni ule wa sheria ya mapatano ya Congo, amri ya tarehe 30 Julai 1888, yenye ingali inafanya kazi mupaka leo. Sheria hiyo inasema kwamba muuzaji anajibu juu ya ubovu wenye umefichama katika kitu chenye aliuza, kama ubovu huo unafanya kitu hicho kisifae kwa kazi yake. Mununuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza yake, ao kubakia nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini muuzaji hajibu juu ya ubovu wenye mununuzi angeweza kuuona kwa macho yake siku ya kununua.

Ulinzi huo uko na milango miwili myembamba. Wa kwanza ni wakati: mununuzi anapaswa kulalamika kisha muda mufupi, hapana kungoja miezi. Wa pili ni hakikisho: mwenye anadai ndiye anapaswa kuhakikisha. Ni yeye anapaswa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwamo tangu siku ya kununua.

Hapo ndipo mabadiliko ya fundi yanakuwa shida, hata kama hayana kosa. Moto yenye haijaguswa inasema yenyewe: kama moteri imekufa kisha miezi mbili, ni vigumu kutafuta kosa mahali pengine. Moto yenye imepita mikononi mwa mafundi watatu inaleta mashaka, na mashaka yanamuumiza mwenye anadai. Katika Marekani mashaka yanamuumiza kiwanda. Kwa motari wa Congo, yanamuumiza yeye mwenyewe.

Sababu muuzaji anakataa haraka

Haiko kila muuzaji mwenye anakataa ni mwizi. Kwa kawaida, muuzaji anatengeneza kwanza kwa feza yake, kisha anaomba kiwanda ao muwakilishi wake mukubwa amurudishie. Kwa kurudishiwa anaombwa kuonyesha piesi yenye iliharibika, namba ya chasi, kilomita, picha, na muhuri wa kila matengenezo. Karatasi moja ikikosekana, kiwanda kinakataa, na hasara inabakia kwake. Muuzaji mwenye anaona waya zilizokatwa na kitabu bila muhuri anajua mbele ya wakati kwamba hatarudishiwa kitu.

Mupaka nao unaongeza ugumu. Wafanyabiashara na vijana wengi wananunua moto Kampala, Kigali ao Bujumbura, kisha wanaziingiza kupitia Kasindi, Goma ao Uvira. Garanti yenye ilitolewa na muuzaji wa ngambo haifunge muuzaji wa Congo, hata kama jina la moto ni moja, isipokuwa kama kitabu kinasema hivyo. Na tangu Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23 katika Januari na Februari 2025, safari yenye ilikuwa ya siku moja kwa kupeleka moto ao kungoja piesi imekuwa ngumu kwa watu wengi. Vitabu vya garanti kwa kawaida havisemi kitu juu ya barabara yenye imefungwa na vita. Mwenye moto mwenye hakuweza kufika kwa kubadilisha mafuta kwa wakati anapaswa kumujulisha muuzaji mapema, na kulinda ujumbe huo katika telefone.

Magari: garanti yenye haikuwako tangu mwanzo

Kwa upande wa magari, mazungumuzo mara nyingi yanaisha kabla ya kuanza. Magari mengi ya mashariki yanakuja yakiwa yametumika miaka katika Japani ao yakipitia Dubai, na yanashukia Mombasa ao Dar es Salaam. Gari ya namna hiyo haina tena garanti ya kiwanda. Kama muuzaji anasema «iko na garanti», ni garanti yake yeye mwenyewe, na inafaa tu kadiri ameiandika.

Katika Japani magari yanatembea upande wa kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume. Congo inatembea upande wa kuume. Kuna magari yenye usukani wake unahamishwa na mafundi. Hilo ni badiliko kubwa kupita yote. Linagusa usukani, ferani, waya, na mara nyingi ukuta wenye unatenga moteri na watu. Likifanywa vibaya, haiko tena jambo la garanti. Ni jambo la maisha ya watu wenye wako ndani. Mununuzi wa gari kama hiyo anapaswa kuuliza nani aliihamisha, na kupata jina lake juu ya karatasi.

Kuna mufano mwingine barabarani kila siku: Land Cruiser za mashirika ya misaada, zenye bomba la kupumua juu, antena za radio na vyuma vya mbele. Hizo nazo zimebadilishwa sana. Lakini mengi ya magari hayo yanatayarishwa na wauzaji wa kazi hiyo, kama Toyota Gibraltar Stockholdings, kabla ya kutumwa. Piesi zinachaguliwa kwa gari hiyo, na kila kitu kinaandikwa. Badiliko ni kubwa kuliko lile la motari, lakini kuna mutu mwenye anajibu juu yake.

Kile mwenye moto anaweza kufanya

Motari hawezi kuacha kuongeza chuma cha mizigo. Bila chuma hicho hapati kazi. Kile anaweza kubadilisha ni namna ya kukiongeza.

Njia ya kwanza ni kuzungumuza siku ya kununua, wakati feza ingali mukononi. Mununuzi anaweza kuomba muuzaji mwenyewe afunge chuma cha nyuma na taa, ao amuonyeshe fundi mwenye anamutambua, na aandike hivyo juu ya fakture. Siku hiyohiyo anaweza kuuliza ulizo moja la lazima: je, garanti hii inafunika moto ya taksi? Kama jibu ni ndiyo, liandikwe.

Kisha, piesi za zamani zisitupwe wala kuuzwa. Motari mwenye ametunza taa na amortisa za kiwanda anaweza kuonyesha kwamba hazikuwa na shida. Picha za telefone kabla na kisha kazi ya fundi hazina bei. Waya za kiwanda zisikatwe. Taa za kuongeza zipewe waya zao na ulinzi wao. Chuma kifungwe kwa buloni kama inawezekana. Filtri ya hewa ibakie mahali pake, na kipimo cha kilomita kiendelee kufanya kazi.

Siku kitu kimevunjika, moteri isifunguliwe na fundi wa kando kabla muuzaji hajaiona. Kuifungua mbele ya wakati ndiyo njia rahisi ya kupoteza kila kitu. Muuzaji akikataa, aombwe aandike sababu: ni badiliko gani, na liliharibu nini? Muuzaji mwenye hawezi kujibu ulizo hilo anakuwa katika nafasi zaifu, mbele ya viongozi wa mutaa, mbele ya avoka ao mbele ya tribinali. Na kama anajibu vizuri, mwenye moto anaokoa wakati na feza za kugombana bure.

Hapa mashirika ya wamotari yanaweza kufanya zaidi kuliko mutu mumoja. Mununuzi wa moto moja hana sauti mbele ya muuzaji mukubwa. Shirika lenye wanamemba wake wananunua moto makumi kwa mwaka linaweza kuomba mambo mawili mapesi: kitabu cha garanti katika Kiswahili, na karatasi yenye inataja ni vyuma na taa gani zinakubaliwa bila kugusa garanti. Karatasi hiyo ingesaidia na muuzaji pia, sababu ugomvi mingi mbele ya duka lake unatokana na kwamba hakuna mutu alisema kitu siku ya kuuza.